Nani Amlipie Mwanagenzi wa Mnarani?

  

Swali la wiki hii limetoka Kaloleni, hapa Voi. Limeletwa na mama mwenye binti aliyemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri za hisabati, fizikia na Kiingereza. Binti huyo anataka kusomea kazi ya kuongoza ndege. Mjomba wake aliyeko Ulaya amewaambia kwa simu kwamba huko mwanagenzi wa kazi hiyo halipi ada, bali hulipwa yeye mwenyewe tangu anapoanza masomo. Hapa nyumbani familia imeambiwa itafute fedha. Baba anafikiria mkopo wenye riba, nyanya anasema kiwanja cha urithi kiuzwe, na mama anauliza lipi ni la halali na lipi ni la busara.

Nimeona nilijibu swali hili kwa urefu, kwa kuwa si la nyumba moja. Kila mzazi mwenye mtoto anayetaka kusomea ubaharia, uuguzi, umeme au kazi yoyote yenye mafunzo marefu atakutana na jambo hili: ni nani anayepaswa kubeba gharama ya mwanafunzi ambaye kesho watu wote watamhitaji?

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi huichanganya na urubani. Mwongoza ndege harushi ndege. Yeye hukaa chini, mnarani kwenye uwanja au katika chumba chenye skrini za rada, akazungumza na marubani kwa redio: huyu apae, yule asubiri, huyu ashuke hadi kimo fulani, yule ageuze uelekeo. Kazi yake ni kuhakikisha ndege hazikaribiani angani wala hazikutani kwenye njia ya kurukia. Abiria hamwoni, wala hajui jina lake, lakini roho yake imo katika maneno yake. Hii ni amana nzito.

Anga ya Taita si ngeni kwa ndege. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani walipokuwa wameikamata Taveta, Waingereza walirusha ndege zao za kivita kutoka Maktau na Mbuyuni. Leo ndege zinazokwenda na kurudi kati ya Nairobi na Mombasa hupita juu yetu mchana na usiku, na watoto wetu huzihesabu. Kuna mtu anayezipanga zisigongane. Mtu huyo alifundishwa, na mafunzo yake yalilipiwa na mtu fulani.

Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba elimu ya lazima ni ya namna mbili: ile iliyomfaridhikia kila Muislamu, kama kujua swala yake na saumu yake, na ile iliyo fardhi kifaya, ambayo wakiisimamia baadhi ya watu wengine husalimika, na wakiiacha wote, wote hupata dhambi. Imam al-Ghazali katika Ihya Ulumiddin alitaja utabibu na hesabu kuwa katika fardhi kifaya, kwa sababu maisha ya watu hayasimami bila ya elimu hizo. Katika zama zetu, ambapo mahujaji, wagonjwa na wasafiri hupanda ndege kila siku, kulinda roho zao angani ni mlango ule ule. Basi binti anayetaka kuusimamia mlango huu hafuati anasa. Amechagua kazi ambayo Waislamu na wasio Waislamu wanaihitaji.

Sasa tuyatazame maneno ya mjomba. Je, ni kweli? Kwa sehemu kubwa, ni kweli. Nchini Ufaransa kuna chuo cha taifa cha usafiri wa anga, ENAC, kilichoanzishwa mwaka 1949 na ambacho makao yake yako Toulouse. Kijana anayechaguliwa kusomea uongozaji wa ndege huko huhesabiwa kuwa mtumishi wa serikali akiwa bado mwanafunzi. Hupewa mshahara wa mwanagenzi, naye hufunga ahadi ya kuitumikia serikali kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Ujerumani, shirika la kuongoza ndege liitwalo DFS lina chuo chake Langen, karibu na Frankfurt, na huwapa wanagenzi wake malipo wakiwa masomoni. Uingereza, shirika la NATS nalo huwalipa. Na kule Maastricht, Uholanzi, kuna kituo cha EUROCONTROL, jumuiya iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1960. Kituo hicho huongoza ndege katika anga ya juu ya Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg na kaskazini magharibi ya Ujerumani, na wanagenzi wake hulipwa.

Lakini si Ulaya yote iliyo hivyo. Uhispania, kwa mfano, wengi hujilipia ada kubwa katika shule zilizoidhinishwa, ndipo waanze kuomba kazi. Na hata pale panapolipwa, malipo ya mwanagenzi ni madogo kuliko ya aliyehitimu, na nafasi zenyewe zina masharti ya uraia na umri. Nawatahadharisha ndugu zangu: akitokea wakala akawaambia kwamba kwa fedha kidogo atamwingiza binti yenu katika mafunzo ya kulipwa Ulaya, msimpe hata shilingi. Nafasi hizo hutangazwa na mashirika yenyewe, na huombwa moja kwa moja kwao.

Swali lenye faida zaidi ni hili: kwa nini mashirika yale yamlipe mtu ambaye bado hajui kazi? Si kwa ukarimu. Ni kwa hesabu tatu, na hesabu hizo zinatuhusu sisi pia.

Ya kwanza ni kwamba fedha za mafunzo zina chimbuko lake. Kila ndege inayopita katika anga ya nchi hulipishwa ada ya huduma ya kuongozwa. Ulaya, EUROCONTROL huzikusanya ada hizo kwa niaba ya nchi wanachama na kuzigawa, na gharama ya kuwafundisha waongoza ndege huhesabiwa ndani ya gharama za huduma. Kwa hiyo anayemlipia mwanagenzi hatimaye ni shirika la ndege, na nyuma yake ni abiria mwenye tikiti. Anayefaidika ndiye anayelipa, na huo ni uadilifu.

Ya pili ni kwamba mafunzo haya hayana uhakika. Mwanafunzi hupita darasani, kisha kwenye mitambo inayoigiza rada na mnara, kisha hukaa kazini kweli kweli na mkufunzi pembeni yake anayesikiliza kila neno. Leseni peke yake haitoshi, kwani ni lazima pia athibitishwe kwa aina ya kazi na kwa kituo anachofanyia. Wapo wenye akili nzuri wanaofika hatua ya mwisho wakashindwa, si kwa uvivu, bali kwa kuwa kazi hii inataka namna fulani ya kufikiri kwa haraka ambayo hailazimishwi. Mwenye kulipia ndiye anayebeba hasara hiyo. Shirika kubwa linaweza kuibeba. Nyumba ya mchuuzi wa Kaloleni haiwezi.

Ya tatu, nayo ndiyo nzito zaidi, ni kwamba ujuzi huu una mnunuzi mmoja. Fundi cherehani akikosa kuajiriwa ataweka mashine yake barazani. Fundi wa magari atafungua gereji kando ya barabara kuu. Mwongoza ndege hawezi kujenga mnara wake mwenyewe. Katika nchi nyingi mwajiri wa kazi hii ni mmoja, na hapa Kenya mwajiri mkuu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Asipokuajiri yeye, cheti chako kitakaa kabatini. Ndiyo maana ni haki kwamba yule mwenye haja ya ujuzi ndiye agharimie kuufundisha.

Hapa kwetu mafunzo haya hutolewa Embakasi, Nairobi, katika Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki. Kilianza mwaka 1954 kikihudumia nchi zote za Afrika Mashariki, na Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977 kikabaki mikononi mwa Kenya. Leo kiko chini ya KCAA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2002. Chuo hicho hupokea wanafunzi waliodhaminiwa na waajiri, na pia hupokea wanaojilipia katika masomo mbalimbali. Mlango wa kwanza ndio unaofanana na ule wa Ulaya. Mlango wa pili ndio unaowakosesha usingizi wazazi.

Nasaha yangu ya kwanza basi ni hii: ugongeni mlango wa kwanza kabla ya kuufikiria wa pili. Mamlaka ikitangaza nafasi za wanagenzi, binti aombe. Asipopata mara ya kwanza, arudie. Na kabla ya kulipa hata shilingi moja ya ada binafsi, nendeni mkaulize kwa kauli iliyo wazi: waliojilipia na kuhitimu miaka iliyopita, je, wameajiriwa? Anayeuza bidhaa asiyetaka kujibu swali kuhusu bidhaa yake amekwisha kujibu.

Dini yetu inasemaje juu ya mwenye kujifunza kwa ajili ya wengine? Tumtazame Zaid bin Thabit, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Alikuwa kijana mdogo Madina pale Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa umma ulihitaji mtu mwaminifu wa kusoma na kujibu barua. Hakuamua peke yake. Aliyekuwa na haja ndiye aliyemtuma. Tuwatazame pia Ahlu Suffa, wale maskini waliokaa katika msikiti wa Mtume wakijifunza. Hawakuachwa na njaa. Waislamu waliwaletea tende na chakula kwa zamu, wala haikuonekana kuwa wanaombaomba.

Desturi hiyo ilifika mpaka pwani yetu. Katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, vijana wa kutoka mbali wamesoma miaka mingi wakipata malazi na chakula. Na msidhani kwamba ukarimu huu ulikuwa kwa elimu ya dini tu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Waislamu wa Afrika Mashariki, wakiwamo Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na jamaa wa Bohora, walitoa fedha zao pamoja na serikali ya wakati ule ili kujenga chuo cha ufundi cha Waislamu Mombasa, kilichojulikana kwa jina la MIOME. Chuo kile ndicho kilichokuja kuwa Politekniki ya Mombasa, na leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wazee wetu walijua kwamba umma usio na mafundi utabaki kuwa mteja wa mafundi wa wengine.

Tuje kwenye mkopo. Riba imeharamishwa kwa nguvu katika Suratul Baqara, na ukali wake hauhitaji maelezo kwa wasomaji wa ukurasa huu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na mikopo yake kwa wanafunzi wa shahada hutozwa asilimia 4 kwa mwaka. Wako wanaosema asilimia 4 ni kidogo kuliko ya benki. Ni kidogo kweli, lakini uharamu haupimwi kwa udogo. Nyongeza iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba, hata ikiwa ni shilingi moja. Wapo wanazuoni wa zama zetu waliotoa ruhusa kwa aliyebanwa na dharura asiyekuwa na njia nyingine yoyote. Mimi nasema: dharura haithibitiki kwa mtu ambaye hajagonga milango ya halali, na mafunzo ambayo kazi yake haina uhakika ni vigumu kuitwa dharura. Kwa hiyo namshauri baba wa binti huyu asiianze safari hii kwa riba.

Na aliyekwisha kuchukua mkopo wa namna hiyo asikate tamaa, wala asitukanwe barazani. Atubie, asirudie, na alipe deni lake kwa wakati, maana deni ni haki ya watu na kulikimbia ni dhambi nyingine. Wazazi msiwafundishe watoto kwamba mkopo wa serikali si deni. Ni deni, na fedha zinazorudishwa ndizo zinazompeleka shule mtoto wa jirani.

Kuhusu kiwanja cha urithi, nyanya ana nia njema, lakini kiwanja hicho ni cha nani? Ikiwa marehemu aliacha warithi wengi na mirathi haijagawanywa, hakuna mmoja anayeweza kukiuza peke yake, hata kwa jambo jema. Shangazi ana fungu lake, na mtoto yatima ana fungu lake. Gaweni kwanza kwa mujibu wa sharia, kila mtu ashike haki yake, kisha mwenye kutaka kutoa atoe kwa moyo wake. Na hata akiwa mwenye mali ameridhika, nakumbusheni yale niliyoyasema juu ya mnunuzi mmoja: ardhi ni kitu cha kudumu, na kuiuza kwa ajili ya cheti kisicho na ahadi ya kazi ni kuibadilisha yakini kwa shaka.

Basi njia za halali ni zipi? Nitazitaja kwa mpangilio.

Njia ya kwanza ni udhamini wa mwajiri, kama nilivyotangulia kusema. Ya pili ni basari za mfuko wa maendeleo wa eneobunge na za kaunti. Hizi ni fedha za umma, wala si fadhila ya mwanasiasa. Peleka fomu mapema, hifadhi nakala, fuatilia, wala usimlipe mtu yeyote ili akupitishie, maana hiyo ni rushwa.

Njia ya tatu ni zaka. Imam Nawawi, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, ameeleza kwamba mtu mwenye uwezo wa kuchuma, lakini akawa ameshughulika na kutafuta elimu ya sharia kiasi kwamba kuchuma kutamkatisha, anaruhusiwa kupokea zaka. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameipanua hukumu hiyo kwa elimu nyingine ambazo umma unazihitaji. Na akiwa binti huyu anatoka katika nyumba ya mafakiri au masikini, basi haki yake iko wazi kwa ufakiri wake. Enyi wenye maduka na wenye malori: mnapogawa zaka kwa shilingi mia mia mlangoni mwezi wa Ramadhani, kumbukeni kwamba zaka inaweza pia kumtoa mtu mmoja katika umasikini, naye mwakani akawa mtoaji.

Njia ya nne ni karadha njema, mkopo usio na nyongeza. Hapa nazungumza nanyi, akina mama, kwa kuwa ninyi mna utaalamu ambao sisi wanaume hatunao. Vyama vyenu vya kuchangishana vimenunua vyombo, vimelipa mahari na vimezika watu. Chukueni mfano: wanawake 40, kila mmoja akiweka shilingi 100 kwa wiki, hupata shilingi 4,000 kwa wiki, na kwa wiki 52 za mwaka ni shilingi 208,000. Haba na haba hujaza kibaba. Fedha hizo ziwe mfuko wa kukopesha wanafunzi wa mtaa. Mwanafunzi hupewa kwa maandishi na mashahidi wawili, kama tulivyofundishwa katika aya ndefu ya deni. Akianza kazi hurudisha alichochukua bila ya kuzidisha, na fedha ile ile humwendea mwingine. Akishindwa kwa sababu isiyo kosa lake, apewe muda, na mkiweza kumsamehe, hiyo ni sadaka. Nanyi mnajua kwamba harusi moja ya mtaani, kwa sare na mapambo yake, hula fedha za mfuko wa namna hiyo kwa siku tatu.

Sasa tuseme binti amepata udhamini, na amewekewa mkataba wa kutumikia miaka kadhaa. Wapo wanaoona kwamba huo ni utumwa. La. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipofika Madyan akiwa mkimbizi asiye na kitu, alifunga mapatano ya kutumikia miaka minane, na kumi ikiwa kwa hiari yake, na Qur'ani imetusimulia bila ya kulaumu. Na ni nani aliyetoa shauri la kumwajiri? Ni binti wa yule mzee, aliyemweleza baba yake kwamba anayefaa kuajiriwa ni mwenye nguvu aliye mwaminifu. Kigezo hicho cha uwezo na uaminifu, ambacho waajiri wote wanakitafuta mpaka leo, tumekipata kutoka kwenye ulimi wa mwanamke. Basi asije mtu akaniambia kwamba mambo ya kazi na mikataba hayawahusu mabinti.

Mapatano ya Musa yalikuwa wazi: muda ulijulikana na malipo yalijulikana. Mkataba wenye kificho una gharari, na gharari huharibu mapatano. Kwa hiyo kabla ya binti kutia sahihi, asome mwenyewe, na asome pamoja na mtu mwenye ujuzi. Aulize: nitatumikia miaka mingapi? Nikishindwa mtihani si kwa uzembe wangu, nitadaiwa nini? Nikiugua, nikishika mimba au nikihamishwa kituo, itakuwaje? Posho italipwa tarehe gani? Mtume wetu ametuusia ujira wa mfanyakazi usicheleweshwe, na mwanagenzi anayekesha kazini naye ni mfanyakazi.

Yapo pia mambo ya kutazamwa kabla ya gharama yoyote, na hayahitaji fedha nyingi. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinataka mwongoza ndege awe na umri usiopungua miaka 21 ndipo apewe leseni, apimwe afya yakiwamo macho na masikio, na Kiingereza chake kifike angalau daraja la 4 katika madaraja 6. Mpelekeni binti akapimwe macho na masikio kwanza. Ni afadhali kuujua ukweli kwa gharama ya nauli kuliko kuujua baada ya kulipa ada ya mwaka.

Kuhusu malazi Nairobi, yatafutwe mapema, kwa jamaa waaminifu au bweni la wanawake lenye usalama, na msimwache akatafute chumba akiwa peke yake. Ajue tangu mwanzo kwamba kazi hii ni ya zamu, usiku na mchana, sikukuu na siku za kawaida. Hijabu yake haimzuii kuvaa visikizi, na swala yake ataipangia kwa kuachiana zamu na wenzake, maana mtu haondoki kwenye kiti ndege zikiwa mkononi mwake. Mume atakayemposa naye aambiwe mapema.

Mwisho, nina neno kwa wenye mamlaka. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002 ndege mbili ziligongana juu ya mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani. Watu wote 71 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto wa Kirusi waliokuwa wakienda likizoni. Anga ile iliongozwa kutoka Zürich, Uswisi, na usiku ule mtu mmoja alikuwa akisimamia meza mbili peke yake, mwenzake akiwa mapumzikoni, huku baadhi ya mitambo ikiwa katika matengenezo. Wachunguzi walieleza kwamba wakubwa wa shirika waliivumilia desturi hiyo kwa miaka. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wafanyakazi wanne wa shirika hilo. Ubahili kwa watu wa mnarani haupunguzi gharama, bali huihamisha, ikaja kulipwa na yatima na wajane. Nchi inayotoza ada kila ndege inayopita juu yake haina udhuru wa kumwambia mtoto wa masikini kwamba mafunzo yake ni mzigo wa mama yake. Nafasi za udhamini ziongezwe, zitangazwe wazi, na zifike Voi, Taveta na Garsen kama zinavyofika Nairobi.

Kwa ufupi, jibu langu kwa mama ni hili: kazi ni njema na ya halali, binti aungwe mkono. Asianze kwa riba, wala kwa kuuza haki ya warithi. Apimwe afya, aombe udhamini, na akiukosa mwaka huu asome kitu kingine chenye wanunuzi wengi huku akisubiri tangazo lijalo, kwani umri bado unamruhusu. Wallahu a'lam.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie mabinti na vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa na riziki ya halali, awaepushe wazazi na madeni yanayovunja nyumba, na awalinde wasafiri wetu wa nchi kavu, baharini na angani. Amin. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.